Kusoma ku Leicester, Uingereza: kwa nini kazi ya masaa 20 haitoshi kulipa minervali

Huku mashariki ya Congo, safari ya mtoto kwenda kusoma Uingereza mara nyingi inaanzia ku kiwanja. Familia inakaa, wajomba na mashangazi wanaitwa, watu wanahesabu, na mwisho kiwanja kinauzwa ili mtoto alipe mwaka wa kwanza. Halafu mtu moja anasema maneno ambayo yanasikika karibu kila pahali: "Akisha fika kule atatumika, mwenyewe atajilipia ingine."

Maneno hayo ndiyo yanapashwa kuchunguzwa mbele ya mtu kutia sahihi ku karatasi ya kuuza. Ili kuyachunguza vizuri, ni heri kuacha London pembeni, maana kila mtu anajua kama London ni bei kali, na kuangalia mji wa kadiri ambako wanafunzi wageni wengi wanaenda kwa sababu maisha ni rahisi kidogo. Mji moja wa namna hiyo ni Leicester. Jina linaandikwa hivyo, lakini wenyeji wanatamka "Lesta".

Mji wenyewe uko namna gani

Leicester iko katikati ya Uingereza, karibu kilomita 160 kutoka London upande wa kaskazini. Kwa treni ni saa moja na kidogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilikuta wakaaji karibu 368,600, kwa hiyo ni mji mdogo kuliko Goma ao Bukavu. Wapenda mpira wanaujua: mwaka 2016 timu ya Leicester City ilitwaa ubingwa wa Uingereza wakati hakuna aliyeitazamia.

Kuko vyuo vikuu viwili. University of Leicester iko pembeni ya bustani kubwa ya Victoria Park. Huko ndiko mwaka 1984 mtaalamu Alec Jeffreys aligundua namna ya kumtambua mtu kwa DNA, ile ambayo leo polisi na mahakama za dunia nzima wanatumikisha. Chuo cha pili, De Montfort University, kiko karibu na katikati ya mji. Vyote viwili vinapokea wanafunzi kutoka Nigeria, India, Ghana, Pakistan, China na inchi zingine nyingi.

Mgeni mweusi hatazamwi sana katika mji huu. Katika hesabu ya 2021, watu wenye asili ya Asia walikuwa asilimia 43 na wazungu asilimia 41. Barabara ya Narborough Road, upande wa mangaribi, ilifanyiwa uchunguzi na chuo cha LSE cha London, na ikaonekana kama wenye maduka 222 ya barabara hiyo moja wanatoka katika inchi 23. Mtu anayetoka Congo anaweza kununua mihogo, unga wa fufu, ndizi za kupika na samaki wa kukauka bila kutafuta sana.

Hiyo yote ni kweli na ni nzuri. Lakini hailipe minervali.

Pesa ya kuonyesha na pesa ya kula

Mbele ya kupata viza ya mwanafunzi, serikali ya Uingereza inaomba mambo kadhaa. La kwanza ni barua ya chuo inayoitwa CAS, ambayo chuo hutoa kisha kupokea sehemu ya minervali. La pili ni cheti cha Kiingereza, kwa sababu Congo haiko katika orodha ya inchi zinazohesabiwa kuwa zinaongea Kiingereza. La tatu ni cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Tena, diploma na karatasi zote za Kifaransa zinapashwa kutafsiriwa na mtafsiri anayekubaliwa.

Kisha inakuja pesa. Mwanafunzi anapashwa kuonyesha kama iko na minervali ya mwaka wa kwanza yenye inabakia, na juu yake pesa ya kuishi. Kuanzia Januari 2025, pesa hiyo ya kuishi iliwekwa pauni 1,136 kwa mwezi kwa miji ya inje ya London, mpaka miezi tisa. Kwa London ilikuwa pauni 1,483. Kiasi hicho kinapandishwa mara kwa mara, kwa hiyo kila anayeomba anapashwa kuangalia kile cha siku yake ku tovuti ya serikali. Miezi tisa mara 1,136 ni pauni 10,224, na pesa hiyo inapashwa kulala ku konti ya banki siku 28 bila kushuka hata siku moja.

Chukua mfano wa kijana anayeenda kufanya masta ya mwaka moja yenye minervali ya pauni 18,000. Kwa mwanafunzi mgeni bei hiyo ni ya kawaida. Kuko kozi za chini yake na zingine zinapita kabisa. Ombi la viza lilikuwa pauni 524 kuanzia Aprili 2025. Malipo ya afya, ambayo yanamruhusu mwanafunzi kutibiwa katika hospitali za serikali, ni pauni 776 kwa mwaka. Na kwa kuwa viza ya masta inapita miezi 12, mara nyingi inafika pauni 1,164. Ukijumlisha minervali, pesa ya kuishi, viza na afya, unafika pauni 29,912. Pauni moja ikiwa dola 1.30, hiyo ni karibu dola 39,000. Na bado tiketi ya ndege, vipimo, tafsiri na safari ya kwenda kuweka alama za vidole. Kwa mtu wa Goma ile safari imekuwa ndefu zaidi tangu uwanja wa ndege ufungwe Januari 2025.

Hapa ndipo familia nyingi zinateleza. Pesa ya minervali inapatikana, lakini ile ya kuishi inakopwa kwa rafiki ao kwa mfanyabiashara, inalala ku banki zile siku 28, kisha inarudishwa kwa mwenyewe. Watu wanaiita "pesa ya kuonyesha". Mtoto anapanda ndege akiwa na pauni mia mbili ku mfuko. Kwa karatasi iko na 10,224. Kwa kweli hana kitu. Tena, aliyeonyesha karatasi za uongo akikamatwa, anaweza kukataliwa viza na kuzuiwa kuomba tena mpaka miaka kumi.

Serikali haikuchagua kile kiasi ili kuwatesa wageni tu. Ni hesabu ya chumba, chakula, bisi na umeme. Anayefika bila pesa hiyo anakuta hesabu ile ile inamngojea mlangoni, na kwa masta kuko jambo lingine: pesa inaonyeshwa ya miezi tisa, lakini masomo yanachukua miezi kumi na mbili. Miezi mitatu ya mwisho, ile ya kuandika kitabu cha kumaliza, hakuna aliyeipangia.

Kazi: hesabu ya masaa 20

Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye viza anaruhusiwa kutumika, kweli. Lakini wakati wa masomo hapashwi kupita masaa 20 kwa wiki, na wiki inahesabiwa kuanzia siku ya kwanza mpaka siku ya yenga. Kutumika masaa 10 wiki hii na 30 wiki inayofuata haikubaliwe, hata kama ukigawanya inatoka 20.

Mshahara wa chini kisheria, kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, ulikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Masaa 20 mara 12.21 ni pauni 244.20 kwa wiki. Ukitumika wiki zote 52 za mwaka, bila kugonjwa, bila mtihani, bila kukosa kazi hata siku moja, unapata pauni 12,698. Na kuanzia Januari 2025 serikali yenyewe ilisema kuishi inje ya London ni pauni 1,136 kwa mwezi, maana yake pauni 13,632 kwa miezi 12. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetumika masaa yote aliyoruhusiwa, mwaka mzima, bado anakosa karibu pauni 930 ili aishi. Minervali haijaguswa hata senti moja.

Mshahara wa chini unapanda karibu kila mwaka, na gharama za kuishi pia zinapanda, kwa hiyo hesabu inabakia na sura ile ile. Kazi ya masaa 20 inaweza kusaidia chakula na chumba. Haiwezi kulipa mwaka wa pili wa chuo.

Kuko mitego mingine ambayo wageni wanaijua kisha kuchelewa. Mwanafunzi wa lisansi anaweza kutumika masaa mengi wakati wa vakansi. Wa masta, hapana: miezi ya sita, ya saba na ya nane kwake si vakansi, kwa sababu anaandika kitabu chake, na ile sheria ya masaa 20 inaendelea mpaka kozi imalizike. Kupeleka chakula kwa watu na kinga, kazi ambayo vijana wengi wanaiona rahisi, imekatazwa kwa mwenye viza ya mwanafunzi, maana inahesabiwa kuwa biashara ya mtu binafsi. Kutumikisha konti ya rafiki ili kuifanya ni kosa juu ya kosa.

Kazi ambazo wanafunzi wanapata ku Leicester ni za kuhudumia wazee, kupanga vitu katika madepo makubwa ya inje ya mji, kusafisha maofisi, kupika na kuosha vyombo katika marestora. Nyingi ni za usiku. Kuko pia wenye kulipa ku mkono, bila karatasi, chini ya mshahara wa sheria. Mwaka 2020 magazeti ya Uingereza yaliandika sana juu ya fabriki za nguo ku Leicester ambamo watu walilipwa pauni tatu na nusu ao ine kwa saa. Mwanafunzi aliyepitisha masaa yake anakuwa mateka wa mwajiri wa namna hiyo: akidai haki yake, anaambiwa ataripotiwa. Na akiripotiwa, viza inaweza kufutwa na minervali iliyolipwa inaenda hivyo.

Nyumba: garanti, mdhamini na kuvu ku ukuta

Chumba katika nyumba ambayo watu wanne ao watano wanashirikiana jiko na bafu, ku Leicester mara nyingi kinazunguka kati ya pauni 400 na 600 kwa mwezi. Vyumba vya chuo ni bei zaidi, lakini umeme, maji na intaneti vinakuwa ndani ya bei, na kwa mwaka wa kwanza hiyo inaondoa wasiwasi nyingi.

Mwenye nyumba wa kawaida anaomba mdhamini anayeishi Uingereza, mtu wa kulipa kama mpangaji ameshindwa. Mkongomani aliyefika jana atamtoa wapi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kulipa miezi sita kwa mara moja. Sheria mpya ya wapangaji iliyopitishwa Oktoba 2025 inaweka mpaka wa mwezi moja kwa nyumba za watu binafsi, na inaanza kutumika Mei 2026. Majengo makubwa ya wanafunzi yanayosimamiwa na makampuni yanaweza kuwa na taratibu zao.

Kuhusu garanti, sheria inamlinda mpangaji kuliko wengi wanavyofikiri. Huku kwetu watu wamezoea kuombwa miezi mitatu, saa zingine sita. Uingereza, tangu 2019, garanti haiwezi kupita kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida, na mwenye nyumba anapashwa kuiweka katika mfuko unaotambuliwa na serikali kwa muda wa siku 30. Asipofanya hivyo, mpangaji anaweza kumshitaki. Kinachoumiza wageni ni kulipa mbele ya kuona: picha nzuri ku simu, komisioneri anayesema watu wengine wanaingojea, pesa inatumwa, na siku ya kufika nyumba haiko. Vyuo vyote viwili viko na ofisi ya kusaidia wanafunzi juu ya nyumba, na haiombe kitu.

Mwanafunzi wa muda wote halipi kodi ya baraza la mji, lakini anapashwa kupeleka karatasi ya chuo. Akinyamaza, barua za deni zinaanza kufika. Nyumba ikiwa na televisheni ya kutazama programu za moja kwa moja, kuko malipo ya zaidi ya pauni 170 kwa mwaka.

Na nyumba za zamani zina baridi. Watu wanafunga madirisha, wanapika, wanakausha nguo ndani, na kisha wiki chache kuvu nyeusi inapanda ku ukuta. Dawa yake ni kufungua dirisha kidogo kila siku hata kama kuko baridi, na kuwasha joto kidogo kidogo. Jambo moja halina mjadala: makala hayawashwi ndani ya chumba. Moshi usioonekana wa mbabula unaua watu wakilala, na katika nyumba iliyofungwa sababu ya baridi unaua haraka zaidi.

Giza, baridi na daktari

Anayetoka Congo anajua jua kutoka saa kumi na mbili na kuingia saa kumi na mbili, mwaka mzima. Ku Leicester, mwezi wa kumi na mbili, jua linatoka saa mbili na robo ya asubui na linaingia saa kumi kasoro dakika kumi. Mwanafunzi anayeamkia masomo na kumalizia kazini anaweza kupitisha siku nyingi bila kuona mwangaza vizuri. Mwezi wa sita inageuka: saa tatu na nusu za usiku bado kuko mwangaza.

Giza hilo linaingia ku roho. Wengi wanaanza kulala sana, kukosa masomo, kukata simu za nyumbani, na wanafikiri ni uvivu ao ni mtu amewaloga. Vyuo viko na washauri wa bure wanaosikiliza mwanafunzi kwa siri. Simu ya afya ya serikali, namba 111, iko na sehemu ya matatizo ya akili, mchana na usiku. Kupiga namba hiyo hakuharibu viza.

Kwa magonjwa ya mwili, kazi ya kwanza ya wiki ya kwanza ni kujiandikisha kwa daktari wa kartie. Ni bure, sababu pesa ya afya ililipwa pamoja na viza. Wasiojiandikisha wanangoja mpaka wagonjwe, kisha wanaenda kukaa masaa mengi ku urjansi kwa jambo dogo. Dawa za kuandikiwa zinalipwa pauni 9.90 kwa kila aina. Meno yana bei yake, kwa hiyo mwenye jino bovu afazali alitengeneze mbele ya kupanda ndege.

Darasani: mwalimu anaitwa kwa jina lake

Mwanafunzi aliyesomea Bukavu, Goma ao Bunia amezoea profesa anayesema na wengine wanaandika, silabusi inayonunuliwa, na mtihani wa kurudisha yale yaliyosemwa. Ku Leicester profesa anaomba aitwe kwa jina lake dogo, anatoa orodha ya kusoma, kisha anauliza: "Wewe unafikiri nini?" Kunyamaza, ambako kwetu ni heshima, kule kunaonekana kama mtu hakusoma.

Jambo gumu zaidi ni kuandika. Kuchukua maneno ya kitabu bila kutaja mwenyewe kunahesabiwa kuwa wizi, hata kama ni fungu moja, na kuandikiwa kazi na mtu ao na mashine vilevile. Wanafunzi wengi wenye kutoka katika Kifaransa wanakamatwa na hilo katika kazi ya kwanza, si kwa ubaya, bali kwa kukosa kufundishwa. Vyuo vinatoa masomo ya bure ya kuandika. Wanaoenda mwezi wa kumi wanaokoka mwezi wa kwanza.

Alama pia zinachanganya. Kwa masta, 50 juu ya 100 ndiyo kupita na 70 ni alama ya juu kabisa. Anayepata 62 na kulia hajui kama amefanya vizuri.

Na kuhuzuria masomo si mapenzi ya mtu. Chuo ndicho mdhamini wa viza, na kinapashwa kuijulisha wizara ya mambo ya ndani kama mwanafunzi amepotea. Hapo ndipo kazi ya usiku inauma mara mbili: aliyetumika mpaka alfajiri anakosa darasa, na kukosa darasa kunagusa viza.

Kiswahili ku duka la Muhindi

Kiingereza cha cheti na kile cha barabarani si kimoja. Ku Leicester mwenye duka anaweza kumuita muteja "duck", maana yake bata. Si tusi, katika eneo lile ni neno la upole, kama vile mama wa soko anavyosema "mwanangu".

Lakini kuko jambo ambalo linashangaza Wakongomani zaidi. Katika maduka ya Belgrave Road, barabara ya Wahindi inayowaka taa nyingi wakati wa sikukuu ya Diwali, mzee anaweza kusikia mwanafunzi akiongea ku simu na akamjibu kwa Kiswahili. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaomba wasije Leicester, eti mji umejaa. Maelfu walikuja hivyo hivyo, na wengine walikuwa wamekwisha kutoka Kenya na Tanzania. Walifika na mizigo ya mkononi, walitumika katika fabriki, walifungua maduka, na leo mji unajivunia wao. Kwa mwanafunzi wa Kivu, kusikia "karibu, unatoka wapi?" katika baridi ya mwezi wa kwanza ni kitu kikubwa. Makanisa na misikiti ya Waafrika pia yanasaidia, hasa kwa kutafuta chumba na kazi ya halali.

Simu ya nyumbani

Wakati wa baridi saa ya Goma inaitangulia ya Leicester kwa masaa mawili. Wakati wa joto kwa saa moja. Simu za nyumbani zinafika asubui mapema, na mara nyingi zinaanza namna moja: "Yaya, uko Ulaya, ututumie hata kidogo."

Hiyo "kidogo" inafaa kuhesabiwa. Pauni 50 ni karibu masaa manne ya kazi, maana yake sehemu moja ya tano ya masaa yote ambayo mwanafunzi anaruhusiwa kwa wiki. Akizitoa kila wiki, hawezi kulipa chumba. Akikataa, anaitwa mwenye roho mbaya. Wengi wanachagua njia ya tatu: wanatuma, wanajificha, wanatumika masaa yaliyokatazwa, na familia inajua ukweli siku mtoto anarudi bila diploma. Vita na kukimbia vimefanya mahitaji ya nyumbani kuwa ya kweli, hakuna anayeweza kusema vinginevyo. Lakini mwanafunzi si mfanyakazi aliyetumwa Ulaya. Kwa mwaka ule, yeye ndiye deni la familia.

Mbele ya kuuza kiwanja

Familia inayofikiri safari hii inaweza kukaa na daftari na biki, na kujibu maswali machache. Minervali yote ya kozi nzima iko, ao ni ya mwaka wa kwanza tu? Pesa ya kuishi ni ya mtoto kweli, ao ni ya kuonyesha? Miezi mitatu ya mwisho ya masta nani ataibeba? Nani nyumbani atazuia watu wasimwombe pesa mpaka amalize? Na kama mtoto ana bibi ao bwana na watoto, wanajua kama tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kawaida haruhusiwe kwenda nao?

Kisha masomo, viza ya kubakia na kutafuta kazi iko: miaka miwili, na kwa watakaoiomba kuanzia Januari 2027 miezi 18, isipokuwa wenye dokta ambao wanapata miaka mitatu. Lakini viza hiyo inampa mtu ruhusa ya kutafuta kazi, haimpe kazi.

Kuko pia mlango wa bourse. Congo haiko katika Commonwealth, kwa hiyo bourse za umoja huo, ambazo jirani zetu wa Rwanda na Uganda wanaomba, hazituhusu. Chevening, bourse ya serikali ya Uingereza, iko wazi kwa Wakongomani: inalipa masta ya mwaka moja, tiketi na pesa ya kuishi. Inaomba lisansi, uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi, na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Kuomba ni bure. Mtu yeyote anayeuliza pesa ili "apitishe jina" ni mwizi.

Kama jibu la maswali yale linaacha tundu katika hesabu, kungoja mwaka moja si aibu. Kijana anaweza kusomea Kiingereza, kutumika, kuomba bourse mara ya kwanza na ya pili, na kiwanja kinabakia pale kilipo. Na kama pesa zote zinaonekana, mtoto aende na ile pesa yote ya kuishi ku konti yake mwenyewe, na barua ya chuo, na koti nzito. Masaa yake 20 yatakuwa ya kununua chakula na kuzoea watu, na usiku atalala ili kesho aende darasani.